Naomba ushauri: Segovia au Chinchón, kwenda na kurudi siku hiyohiyo kutoka Madrid

Habari zenu ndugu. Mwezi wa kumi nitakuwa Madrid na mama yangu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Tuna siku mbili tu za kutoka nje ya jiji.

Toledo nimeshaipitisha: treni ya kasi kutoka stesheni ya Atocha, Madrid, ni kama nusu saa, na kuna ngazi za umeme za kupandia mji wa kale. Ila vile vichochoro vya mawe na miinuko yake, mliopita huko, mtu mzima anaviweza?

Siku ya pili ndiyo inanichanganya. Segovia kuna ule mfereji wa maji wa Warumi unaopita juu ya matao, mawe yamepangwa bila saruji na mpaka leo yamesimama. Tatizo stesheni ya treni ya kasi iko nje ya mji, lazima mpande basi tena. Chinchón haina treni, ni basi tu, lakini uwanja wake uliozungukwa na roshani za mbao umenikaa moyoni. Na mama, nimjuavyo, akipata kiti na kahawa atazame wapita njia, makanisa hayamhusu.

Mngekuwa nyie mngempeleka wapi? Na Jumapili mabasi ya Chinchón yanapatikana kirahisi?