Bosi kaikata "s" yangu kwenye barua. Nani kakosea?

Karani wa Ghala (Mtwara):
Wakuu, habari za jioni. Niko kwenye ghala la korosho hapa Mtwara mjini. Minada ikianza, barua za Kiingereza kwa wanunuzi naandika mimi, maana ofisi nzima ndimi niliyefika kidato cha sita. Juzi nikaandika "We request that the driver brings the original receipt." Bosi akachukua kalamu nyekundu, akaikata "s". Mstari wa pili "It is important that the moisture is checked", akakata "is" akaweka "be". Moisture be checked! Darasa la tano nilichapwa kwa kuisahau hiyo "s" ya he, she, it. Leo nimeikumbuka, nafutiwa. Nikimuuliza anasema ndivyo ilivyo. Nani kakosea?

Kijana wa Shangani:
Bosi kakosea, ila bosi hakosei. Chapa barua, subiri mshahara.

Mwalimu Mstaafu (Masasi):
Karani, bosi wako yuko sahihi, na kanuni yenyewe unaijua tangu utotoni, kwa Kiswahili. Utasema "tunaomba dereva analeta risiti"? Unasema "alete". Hiyo "e" ya mwisho inaonyesha jambo halijawa, linatakiwa tu. Mwingereza hana "e" hiyo, kwa hiyo anakiacha kitenzi kitupu: "s" inaondoka, "is" inarudi kuwa "be". Vitabu vinaiita sabjanktivu. Hufuata request, suggest, demand, it is important that na wenzao. "The driver brings" ni taarifa, analeta. "Bring!" ni amri, lete. "That the driver bring" ni alete.

Hata ukienda wakati uliopita haibadiliki: "They demanded that the bags be weighed again", walidai magunia yapimwe upya. "Yapimwe" nayo haijali kama walidai au wanadai.

Na kukanusha je? Kwetu "hafungui" inageuka "asifungue". Wao wanaitupa "does", inabaki "not" peke yake: "We ask that the driver not open the container." Hapo ndipo wanafunzi wangu walipokuwa wanaanguka kama maembe.

Ila chunga "insist". "He insists that the nuts are dry": anashikilia kwamba ni kavu. "He insists that the nuts be dry": anataka ziwe kavu. Kwenye korosho hiyo ni tofauti ya pesa.

Dada wa Mikindani:
Shikamoo mwalimu. Ndiyo maana wimbo wa taifa kwa Kiingereza ni "God bless Africa" na si "blesses"?

Mwalimu Mstaafu (Masasi):
Marahaba mwanangu. Ndiyo hiyo, ni dua. Lakini sisi tukiimba "Mungu ibariki" tunamwambia Mungu mwenyewe, ana kwa ana. Tungekuwa tunamsema pembeni, ingekuwa "aibariki".

Msafiri wa Kusini:
Niongeze kidogo. Waingereza wengi wangeandika "that the driver should bring". Hiyo ya bosi inapendwa zaidi Marekani. Na "brings" yako, Karani, Waingereza wenyewe wapo wanaoisema, usijione mjinga sana.

Kijana wa Shangani:
Na "If I were you" je? Mbona si "was"?

Mwalimu Mstaafu (Masasi):
Ni "ningekuwa wewe". Jambo lisilokuwepo. Mitaani utasikia "was" pia. Lakini "lori likichelewa" ni "if the truck is late", kwa sababu lori kuchelewa kunawezekana kabisa, hasa la kutoka Newala.

Karani wa Ghala (Mtwara):
Shikamoo mwalimu, asante. Nimetoka kufungua faili la msimu uliopita. Mnunuzi alituandikia "We insist that the nuts be dry." Nikadhani karani wao kakosea "are", nikamwambia bosi wametusifu, wanasema korosho zimekauka vizuri. Tukapakia bila kuanika tena. Sasa ndiyo nimeelewa ile simu ya saa tano usiku.