Naomba ushauri: mpwa wangu anasema roho haiwezi kusogeza mkono

FundiMilango (Lamu)

Asalam alaykum, na shikamooni wakubwa.

Mimi ni fundi wa milango hapa Lamu, upande wa Langoni. Mpwa wangu yuko chuo kikuu mwaka wa kwanza, anasoma falsafa. Amerudi likizo, na kila baada ya Isha barazani mazungumzo ni hayo kwa hayo. Anasema: kitu hakisogei mpaka kisukumwe, na cha kusukuma lazima kiguse. Roho haina mwili, haina upande wala ncha. Itagusaje msuli? Basi ama roho nayo ni kiwiliwili, ama mkono unajiendea wenyewe na sisi twadhani tumeuamrisha.

Wazee wamekasirika. Mmoja amemwambia anatoka katika dini, na mamake, ambaye ni dadangu, hana raha tangu siku hiyo. Mimi sikumkemea, maana swali limenishika. Juzi nilikuwa nachonga mfaa, ule ubao wa katikati ya mlango, wa mti wa mbambakofi, patasi mkono wa kushoto, nyundo wa kulia, nikajaribu kupakamata pale ambapo kukusudia kunakutana na kwenda. Sipaoni. Nakusudia kuchimba jani, na patasi ishazama. Nikiukodolea macho mkono, mstari unapinda, nikiuachia, unanyooka.

Nauliza mawili. Swali lake lina uzito kweli? Na nizungumze naye vipi asione kwamba kwao hakuna wa kumsikiliza?

MpwaniHalisi

Fundi, Qur'ani, Sura ya 17 aya ya 85, imeshamaliza: roho ni katika mambo ya Mola, na elimu tuliyopewa ni kidogo. Mwambie aache.

MaalimWaMkomani

Aya hiyo twaiamini sote, lakini haikumkataza mtu kuuliza mkono unasogeaje. Na mwenye kumtoa kijana katika dini kwa swali kama hili amefanya haraka mno. Wanazuoni wetu walikesha nalo.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitoa mfano wa moto na pamba. Twaona pamba ikiungua inapokutana na moto. Je, tumeuona moto ukiiunguza? Alijibu hapana: tulichoona ni kuungua *pamoja na* kukutana, na mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Sasa mtazame mpwa wako. Yeye anashika kwamba kitu kusukuma kitu kunaeleweka, na roho kusukuma kitu ndiko kusikoeleweka. Muulize: patasi inapopasua mbao, wewe umeona nini zaidi ya hili kufuatiwa na lile? Akishindwa kujibu, ajue kwamba ugumu hauko kwenye roho peke yake.

BintiWaKipungani

Kaka Fundi, swali lina uzito, na aliyeliuliza vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni mwanamke wa miaka 24.

Mwaka 1643 Elisabeth, binti wa mfalme wa Bohemia aliyekuwa akiishi uhamishoni The Hague, alimwandikia barua Mfaransa René Descartes. Descartes alikuwa akifundisha kwamba nafsi ni kitu cha kufikiri tu, hakichukui nafasi, na mwili ni kitu cha kuchukua nafasi tu, hakifikiri. Elisabeth akamuuliza maneno ya mpwa wako hasa: kusukuma kwataka kugusana, na kugusana kwataka kuwa na upande, wewe nafsi umeinyima upande, basi itausukumaje mwili?

Descartes alijaribu kumjibu kwa mfano wa uzito: jiwe linashuka, na hatudhani kwamba uzito wake unalisukuma kwa kuligusa. Elisabeth hakuridhika. Alimrudishia kwamba kwake ni rahisi kukubali nafsi ina umbo kuliko kukubali kisicho na umbo kisogeze mwili. Ndipo Descartes akasema jambo ambalo mimi nalipenda kuliko nadharia zake zote: kuungana kwa nafsi na mwili hakujulikani kwa kufikiri sana, kunajulikana katika maisha ya kila siku. Miaka miwili kabla, alikuwa ameshaandika kwamba nafsi haikai mwilini kama nahodha chomboni. Nahodha huona kwa macho kwamba chombo kimepasuka. Sisi mwili ukijeruhiwa hatuoni tu, twaumia.

Halisemi *vipi*. Lakini laonyesha kwamba picha ya kitu kimoja kukaa huku kikisukuma kingine kule huenda ndiyo yenye kasoro. Ukikodolea macho mkono mstari ukapinda, Kaka, hilo nalo ni ushahidi.

ViungoMalindi

Nafanya kazi ya kurudisha viungo kwa wagonjwa wa kiharusi hapa Malindi, na sikubali kijana anyamazishwe kwa mfano wa moto na pamba. Njia ya mkono twaijua. Chembe za ubongo upande wa kushoto zinapeleka ishara kwenye uti wa mgongo, njiani zinavuka kwenda kulia, neva inamwaga kemikali kwenye msuli, msuli unajikunja. Kila hatua nyuma yake pana hatua nyingine ya kimwili. Roho inaingilia wapi? Ikiingiza nguvu kutoka nje, hesabu ya nguvu haitalingana. Hilo ndilo swali gumu, na kugusa au kutogusa hakuliondoi.

Ila na yeye asifurahi mapema. Daktari wa upasuaji Wilder Penfield, kule Montreal, alikuwa akigusa ubongo wa wagonjwa walio macho kwa umeme mdogo. Mkono ulisogea, na mgonjwa alisema si yeye aliyeusogeza, ni daktari. Msuli ule ule, mwendo ule ule, na bado mtu anajua lipi ni lake. Nani anayetofautisha?

FundiMilango (Lamu)

Nimemsomea yote, tukiwa wawili tu karakanani. Amenyamaza kwa muda, kisha akasema nimuandikie Maalim hivi: Ghazali amejibu hoja ya kugusa, lakini hoja ya Malindi ameiacha pale pale. Kama Mungu ndiye anayeusogeza mkono ninapokusudia, kukusudia kwangu kumefanya kazi gani?

MaalimWaMkomani

Mwambie ameuliza vizuri. Wafuasi wa Imamu Ash'ari walilijibu kwa kusema kitendo huumbwa na Mungu na mja *hukichuma*, na wengine wakawauliza kuchuma huko ni nini hasa. Wamebishana karne nyingi. Mlete Alkhamisi baada ya Alasiri, nitamwekea kitabu. Na yule mzee aliyemtoa katika dini, nitazungumza naye mimi.