Mrejesho: Hotuba ya utani kwa mjomba

Wadau, mimi ndiye niliyeuliza nimtanieje mjomba wangu kwenye sherehe yake ya kustaafu ualimu, Masasi, bila kuonekana sina adabu mbele ya wakwe. Imepita Jumamosi. Niko hai.

Niliandika kurasa nne. Mlioniambia nimsomee mke wake kwanza, Mungu awabariki. Alikata utani wa deni la benki (hilo nilitegemea), kisha akakata wa kipara. Kumbe miaka yote mjomba anacheka usoni tu, moyoni kinamuuma. Ikabaki kurasa moja na nusu, kama dakika nne hivi.

Nilianza kwa kujitania mwenyewe: nilivyofeli hesabu darasani kwake nikachapwa mara mbili, shuleni na mwalimu, nyumbani na mjomba. Ukumbi ukalegea. Nikaingia kwenye pikipiki yake inayohitaji watu watatu kuiwasha, wawili wanasukuma, mmoja anaomba dua.

Utani wa korosho ulidoda. Nilisema kila jioni anaita mahudhurio ya mikorosho yake. Kimya! Jasho likanitoka, nikakaribia kuanza kuufafanua (msithubutu), mara mzee mmoja upande wa wakwe akadakia, "Na mmoja ni mtoro!" Watu wakaanguka.

Mwisho nikasema ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye hiyo hiyo mikorosho. Hapo sauti ilinikatika, haikuwa kwenye karatasi.

Mjomba akachukua kipaza sauti: "Mpwa wangu hesabu bado. Pikipiki husukumwa na watu wanne."