MJADALA: Bastola halali Texas, jinai New Jersey. Mwenye makosa ni mimi au ramani?

Mhamaji wa Houston
Wakuu, heshima kwenu. Niwamwagie yaliyonijaa, halafu mnishambulie.

Nahama. Mke wangu kapata kazi ya unesi kaskazini mwa New Jersey, mwezi ujao tunapakia lori. Masufuria yana boksi lake, viatu vya watoto vina boksi lao, hata kinu alichotuletea mama kimepata nafasi. Kilichobaki mezani ni bastola, Glock 19. Niliinunua dukani kihalali: nilijaza ile fomu 4473 ya serikali kuu, wakaikagua grinkadi yangu (kibali changu cha ukaazi wa kudumu), jina likapitishwa kwenye mfumo wa ukaguzi wa FBI, polisi wa serikali kuu, nikalipa, nikaondoka nayo. Texas haina daftari la bastola wala leseni ya kumiliki. Tangu Septemba 2021, mtu wa miaka 21 asiye na katazo la kisheria anaivaa kiunoni bila kibali.

Ndani ya boksi lake zilikuja magazini, vile vikasha vya risasi vinavyochomekwa kwenye bastola, za risasi 15, toka kiwandani. Hizo ndizo zinazoninyima usingizi. New Jersey tangu 2018 mwisho ni risasi 10. Sheria yao ya 2022 inampa anayehamia siku 60 aombe kadi ya mnunuzi wa silaha na kuandikisha bastola alizokuja nazo. Vizuri, ila hizo siku 60 ni za bastola. Magazini haina hata siku moja. Nikilivuka daraja la mto Delaware nikiwa nayo, nimeshatenda jinai kabla tairi za nyuma hazijagusa upande wa pili.

Hoja yangu ni hii: jimbo liweke sheria litakazo, lakini mtu aliyenunua kitu kihalali apewe muda wa kukiuza, kukisalimisha au kukirudisha alikotoka. Muda huo uwekwe na Bunge la Washington, uwe mmoja nchi nzima, na uhusu kila kitu kilichomo ndani ya boksi.

Msiniambie natia chumvi. Brian Aitken alihama kutoka Colorado kwenda New Jersey na bastola zake alizonunua kihalali. Januari 2009 mama yake alimhofia, akapiga simu polisi. Wakazikuta kwenye buti ya gari, hazina risasi ndani, gari limejaa vitu vyake. Sheria ya New Jersey inamruhusu mtu kubeba silaha akiwa anahama nyumba. Jaji akakataa kuwaeleza wazee wa baraza ruhusa hiyo. Kifungo: miaka 7. Gavana Chris Christie akaja kumpunguzia adhabu Desemba 2010, akatoka. Je, mimi nikikamatwa, gavana atanijua?

Dereva wa Masafa
Mkuu, usiogope. Kuna sheria ya mwaka 1986 inakulinda. Bastola tupu, kwenye buti, risasi mbali, pita popote. Mimi nimevuka majimbo mengi nikiwa nayo. Haya mengine ni vitisho vya watu wasiopenda uhuru. Katiba ni moja, Marekebisho ya Pili, yale ya haki ya kuwa na silaha, ni yale yale Texas na New Jersey. Mbona leseni ya udereva haibatiliki mpakani?

Nesi wa Baltimore
Kaka dereva, utampeleka mwenzako jela. Hiyo sheria ya 1986 inamlinda anayepita. Inataka iwe halali kwako kuwa na silaha ulikotoka na halali unakokwenda. Yeye haendi kupita New Jersey, anakwenda kukaa. Na hata kupita kwenyewe kuna mitego. Mwaka 2005 bwana mmoja wa Utah, Gregg Revell, alikuwa safarini kuelekea Pennsylvania. Ndege ikachelewa, akakwama Newark, huko huko New Jersey, akachukua mzigo wake akalala nao hotelini. Asubuhi anarudi uwanjani anasema mwenyewe, kwa uaminifu, nina bastola. Akafungwa pingu. Mashtaka yalifutwa baadaye, akashtaki, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamwambia ulinzi ule haukumhusu, kwa sababu usiku ule hotelini mzigo ulikuwa mkononi mwake. Usiku mmoja tu.

Sasa kwako mwenye uzi. Pole na pilkapilka za kuhama, lakini sikubaliani nawe. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Sisi Maryland anayehamia ana siku 90 kuandikisha bastola, na sijasikia mbingu zikianguka. Mnaitaja leseni ya udereva. Hata hiyo ukihamia jimbo jipya unatakiwa kuibadilisha, na spidi ya Texas huji nayo hapa.

Mimi niko wodi ya dharura, zamu ya usiku. Mnaongea kama kwamba risasi ni ya mwizi tu. Zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa risasi nchi hii wamejipiga wenyewe. Tumewahi kuletewa kijana, baba yake akija nyuma ya machela na funguo za gari bado mkononi, anarudia sentensi moja: nilikuwa nimeifungia, nilikuwa nimeifungia. Takwimu za CDC, idara ya afya ya serikali kuu, zinaiweka New Jersey miongoni mwa majimbo yenye vifo vichache vya risasi kwa idadi ya watu. Texas ni zaidi ya mara mbili yake. Sisemi sababu ni magazini ya 10. Nasema wananchi wa pale wamechagua kuishi hivyo, na wewe ndiye unayebisha hodi.

Mhamaji wa Houston
Dada, hodi napiga. Ninachoomba ni mlango uwe na kizingiti nikione, nisijikwae gizani. Siku 90 zenu nazikubali kwa mikono miwili. Mbona hapo hatugombani?

Mzee wa Uvira
Wanangu, shikamooni hamsemi, haya, marahaba hivyo hivyo. Mimi nimezikimbia bunduki. Nilipofika Kentucky, jirani alinikaribisha kwa kunionyesha zake tano, kwa ukarimu kabisa, kama mtu anayekuonyesha ng'ombe wake. Nilikunywa soda yangu nikiuangalia mlango. Ni mtu mwema, tumezikana. Lakini nikuulize, mwanangu: miaka yote hiyo Houston umeitumia mara ngapi?

Mhamaji wa Houston
Shikamoo mzee, nisamehe. Nje ya uwanja wa shabaha, sijaitumia hata mara moja, namshukuru Mungu. Nilinunua baada ya kuvunjiwa mlango wa nyuma. Tulirudi tukakuta godoro la mtoto limechanwa, sijui walitafuta nini. Tangu hapo mke wangu hakulala mpaka ilipoingia ndani. Kusema kweli, sasa yeye ndiye anayetaka tuiache.

Aliyepitia Ofisi ya Wakili
Mnajadili kifungo, mmesahau la kwetu. Mwenye uzi ana grinkadi, si raia. Kwa sheria ya uhamiaji, kutiwa hatiani kwa kosa la silaha ni sababu inayojitegemea ya kufukuzwa nchini. Mmarekani anatoka jela anarudi kwake. Wewe unatoka jela unapandishwa ndege. Na walio hapa kwa viza ya masomo au kazi wasishawishike na uzi huu: kwao kushika tu silaha ni kosa la shirikisho, Texas hiyo hiyo, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Watu wanapiga picha na bastola ya rafiki na kuituma kwenye makundi ya harusi. Jamani!

Dereva wa Masafa
Basi wapitishe ule muswada wa kutambuana vibali, cha jimbo moja kikubalike na mengine, mambo yaishe.

Aliyepitia Ofisi ya Wakili
Ule uliopita Bunge la chini Desemba 2017 ukalala Seneti? Ulihusu kibali cha kubeba silaha iliyofichwa. Anayehama anabaki chini ya sheria ya kumiliki ya jimbo lake jipya.

Mhamaji wa Houston
La grinkadi limenikata maini. Nimeshazungumza na shemeji, magazini anazichukua yeye, anabaki hapa hapa Texas. Bastola nitaifungia kwenye kisanduku, buti ya nyuma, tupu, na magazini mpya za 10. Kadi naomba wiki ya kwanza, sisubiri siku ya 59. Lakini msimamo wangu sijauhama: nimejiokoa kwa sababu nilipata usiku wa kusoma na watu wa kuuliza. Kijana anayehamia huko kufanya kazi ghalani, anayejua Kiingereza cha kuombea maji tu, nani atamwambia kuhusu magazini? Duka lililomuuzia Texas halina wajibu, na kule anakokwenda hakuna kibao.

Nesi wa Baltimore
Hapo tuko pamoja, kibao wakiweke. Sasa niambie, risasi zako ni za aina gani? Kama ni zile zenye tundu kwenye ncha, kasome tena. Sheria ya New Jersey inakuruhusu tu kuziweka nyumbani kwako na kuzibeba kutoka dukani ulikozinunua hadi nyumbani. Wewe hutoki dukani. Unatoka nyumbani kwenda nyumbani.