Dola lililo kileleni limjibu vipi mpinzani anayeinukia?

Mdadisi (mleta mada):

Wanajukwaa, nawasalimu wote. Naomba tulijadili jambo hili bila kugawana pande, kwa sababu kila mada inayogusa Marekani na China huishia kwenye ushabiki, na swali lenyewe husahaulika kabla ya ukurasa wa pili.

Swali langu ni pana kuliko nchi hizo mbili, ingawa ndizo zilizonisukuma kuuliza. Mwaka 2001 China iliingia katika Shirika la Biashara Duniani kwa kuungwa mkono na Marekani, iliyotumaini kwamba nchi inayonufaika na masoko ya wengine haitakuwa na haja ya kuupindua utaratibu uliopo. Mwaka 2018 Marekani ikaanza kuzipandishia ushuru bidhaa za China, na Oktoba 2022 ikazuia chipu za kompyuta za hali ya juu, pamoja na mitambo ya kuzitengenezea, zisiuzwe huko. Kwa hiyo dola lile lile, katika muda wa miongo miwili hivi, limemkaribisha mpinzani ndani na kisha kuanza kumfungia milango. Wapo wanaosema kosa lilikuwa kumkaribisha, na wapo wanaosema kosa ni kumfungia. Mimi naona pande zote mbili zimeliruka swali linalotangulia: dola kuu linajuaje ni jambo gani likubali kumwachia mpinzani, na ni lipi lisimwachie hata kwa gharama kubwa?

Msomahistoria:

Ndugu Mdadisi, swali hilo Uingereza ililazimika kulijibu mara mbili kwa wakati mmoja, na ikatoa majibu mawili tofauti. Mwishoni mwa karne ya 19 ilikuwa na wapinzani wawili waliokuwa wakiinuka kwa kasi, Marekani na Ujerumani. Kwa ukubwa wa nchi, watu na viwanda, Marekani ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuipita mbali zaidi. Hata hivyo ni Marekani iliyopishwa jambo baada ya jambo, na ni Ujerumani iliyoshindaniwa manowari kwa manowari.

Mwaka 1895 Rais Grover Cleveland aliingilia mgogoro wa mpaka kati ya Venezuela na koloni la Guyana ya Uingereza, akataka upelekwe kwenye usuluhishi. Waziri Mkuu wa Uingereza, Lord Salisbury, alikataa, na Desemba mwaka huo Cleveland akalipelekea Bunge la nchi yake ujumbe ambao wengi waliusoma kama tishio la vita. Wiki chache baadaye, tarehe 3 Januari 1896, Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani alimpelekea Rais Paul Kruger wa Transvaal, jamhuri ya Makaburu kusini mwa Afrika, telegramu ya kumpongeza kwa kuwashinda wavamizi walioongozwa na Jameson kutoka upande wa Waingereza. Mawaziri wa London wakajikuta na magomvi mawili kwa mpigo, nao wakachagua lipi walizime. Walikubali usuluhishi, na hukumu ilipotolewa mwaka 1899 ikaipa Uingereza sehemu kubwa ya ardhi iliyogombewa, kwa hiyo kilichopotea hapo kilikuwa zaidi cheo machoni pa watu. Mwaka 1901 wakaridhia Marekani ijenge na kuusimamia peke yake mfereji wa Amerika ya Kati, ilhali mkataba wa 1850 ulikuwa umezizuia nchi zote mbili zisiuhodhi. Kisha mwaka 1903 ukaja mgogoro wa mpaka kati ya Alaska ya Marekani na Kanada, iliyokuwa ndani ya dola la Uingereza. Baraza la usuluhishi lilikuwa na wajumbe sita: Wamarekani watatu, Wakanada wawili na Mwingereza mmoja, Lord Alverstone, ambaye katika mambo makuu alipiga kura pamoja na Wamarekani. Wajumbe wa Kanada walikataa kutia saini hukumu hiyo.

Kwa Ujerumani mambo yalikwenda kinyume kabisa. Sheria za majeshi ya majini za 1898 na 1900 ziliidhinisha manowari nyingi ambazo makao yake yangekuwa Bahari ya Kaskazini, mbele ya mlango wa Uingereza. Nchi ambayo ngano yake nyingi ilifika kwa meli isingeweza kulichukulia hilo kuwa suala la heshima tu. Ndiyo maana iliafikiana na Ufaransa mwaka 1904, ikazindua manowari ya aina mpya, Dreadnought, mwaka 1906, na mwaka uliofuata ikamaliza ugomvi wake wa Asia na Urusi.

Kwa maoni yangu, kipimo hakikuwa ukubwa wa mpinzani, bali ni mahali ambapo nguvu zake zilikuwa zinagusa. Katika Karibi Uingereza ingeweza kupoteza fahari na ikaendelea kuishi. Katika Bahari ya Kaskazini isingeweza. Dola linalopigania kila kitu kwa uzito ule ule halijafanya hesabu hiyo, na nashuku kwamba viongozi wengi wanaogopa kuifanya, kwa kuwa kukiri hadharani kwamba jambo fulani linaweza kuachwa ni kumpa mpinzani wako wa uchaguzi silaha ya bure.

Tafakuri:

Ndugu Msomahistoria, kipimo chako nakikubali, lakini mfano wa Uingereza na Marekani unapendeza kupita kiasi. Hesabu yake haikufungwa mwaka 1903. Mwaka 1956 Uingereza, Ufaransa na Israel zilipoivamia Misri kwa sababu ya Mfereji wa Suez, pauni iliyumba, na Marekani ikazuia msaada wa fedha mpaka Uingereza ilipokubali kuondoa majeshi yake. Aliyepishwa kwa hiari hakujiona ana deni. Bado naamini Uingereza ilichagua vizuri, maana vita na Marekani vingekuwa vibaya zaidi, ila tusiseme ilikuwa bure.

Ninalotaka kuliongeza linahusu kuzuia, kwa sababu watu hulizungumzia kana kwamba ni njia ya tahadhari isiyo na hatari. Julai 1941 Japani ilipeleka majeshi kusini mwa Indochina. Marekani ikazifungia mali za Japani, na katika wiki zilizofuata mafuta yakakatika. Japani ilikuwa ikitegemea Marekani kwa sehemu kubwa mno ya mafuta yake, na tangu siku hiyo kila meli iliyotoka bandarini ilikuwa inakula akiba isiyojazwa tena. Wakuu wa jeshi la majini wakaanza kuhesabu miezi. Hoja iliyoshinda Tokyo haikuwa kwamba ushindi ulikuwa na uhakika. Ilikuwa kwamba, kama ni kupigana, basi heri mwaka huu kuliko mwaka ujao, wakati matangi yatakuwa matupu. Desemba 7 wakaishambulia Pearl Harbor.

Sisemi kwamba Marekani ilipaswa kuendelea kulijazia mafuta jeshi lililokuwa likiivamia China tangu 1937. Ninachosema ni kwamba aliyekata mafuta alikuwa ameanzisha saa, na alipaswa kujiandaa kama mtu anayejua saa inakwenda. Mpinzani anayeamini kwamba kesho atakuwa na nguvu kuliko leo ana sababu ya kusubiri, na subira yake ni usalama wako. Ukimshawishi kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho ya kuwa na nguvu, umeiondoa sababu hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Chipu si mafuta, kwa kuwa manowari haisimami kwa kukosa chipu ya kisasa zaidi, na hilo linatupa nafasi ya kupumua. Lakini tumekwisha kuona kwamba vikwazo hujibiwa: mwaka 2023 China ilianza kudhibiti uuzaji wa galiamu na jemaniamu nje ya nchi, madini yanayotumika kutengenezea chipu, ambayo yenyewe ndiyo mzalishaji wake mkuu.

Fundi Mitambo:

Wakuu, mnajadili mpinzani tu, kana kwamba dola kuu halina nyumba yake ya kutengeneza. Jibu la Marekani lililofaa kuliko yote, kwa mtazamo wangu, halikumgusa mpinzani hata kidogo. Muungano wa Kisovieti ulirusha Sputnik, satelaiti ya kwanza duniani, tarehe 4 Oktoba 1957. Kabla mwaka 1958 haujaisha, Marekani ilikuwa imeunda NASA, shirika lake la anga za juu, na kupitisha sheria ya kugharamia masomo ya sayansi, hisabati na lugha za kigeni. Hofu iligeuzwa kuwa madarasa.

Linganisha na magari. Mwaka 1981 Japani, kwa kubanwa na Marekani, ilikubali kutouza huko zaidi ya magari milioni 1.68 kwa mwaka. Kampuni za Kijapani zikaona kwamba kama idadi imewekewa kikomo, basi faida itafutwe katika kila gari moja, zikahamia kwenye magari makubwa na ya bei ya juu. Na gari lililoundwa Marekani halikuhesabiwa, jambo lililoifaa Honda, iliyoanza kuunda magari Ohio mwaka 1982 katika kiwanda ilichokuwa imekwisha kukipanga kabla ya kikomo hicho. Ukuta ulimfundisha mpinzani kupanda.

Kuna na kosa la tatu, nalo ni ubahili. Mwaka 2010 wanachama wa Shirika la Fedha la Kimataifa walikubaliana kuiongezea China na nchi nyingine zinazoinukia uzito wa kura, huku Marekani ikibaki na uwezo wake wa kuzuia maamuzi makuu. Haikuwa inapoteza kitu cha maana, na bado Bunge lake lilikaa na jambo hilo hadi Desemba 2015. Katikati ya kusubiri huko China ilianzisha benki yake ya miundombinu ya Asia. Marekani ikawasihi washirika wake wasijiunge, na Machi 2015 Uingereza ikatangaza kwamba inajiunga, nchi nyingine za Ulaya zikafuata. Ukimnyima mtu kiti katika baraza lako, usishangae akijenga baraza lake na rafiki zako wakaenda kuketi humo.

Nahodha:

Nitasema machache kuhusu ajali, kwa sababu hakuna sera, ya kupisha wala ya kuzuia, inayodumu kama rubani mmoja anaweza kuichoma kwa dakika tano. Aprili 1, 2001, ndege ya upelelezi ya Marekani aina ya EP-3 iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani wa China alikufa, na Wamarekani 24 wakatua kisiwani bila ruhusa, wakazuiliwa siku 11. Waliachiwa baada ya barua iliyoeleza masikitiko kwa maneno ambayo Beijing iliweza kuyaita radhi na Washington ikayaita si radhi.

Hilo liliwezekana kwa sababu watu walikuwa wanazungumza. Agosti 2022, baada ya Nancy Pelosi, Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani wakati huo, kuzuru Taiwan, China ilikata njia kadhaa za mawasiliano ya kijeshi, na Februari 2023, siku Marekani ilipolitungua puto la China lililokuwa limepita katika anga lake, ambalo ilisema ni la upelelezi, simu ya waziri wa ulinzi wa Marekani haikupokelewa upande wa pili. Makubaliano ya kuzirejesha njia hizo yalifikiwa Novemba 2023, marais hao wawili walipokutana California. Wamarekani na Wasovieti walikuwa wamelijua hili zamani: njia ya mawasiliano ya dharura ya 1963 ilizaliwa na mgogoro wa 1962 wa makombora ya Kisovieti yaliyowekwa Kuba, na mkataba wa 1972 wa kuzuia ajali baharini uliziwekea manowari zao kanuni za kukaribiana. Waliosaini hawakuwa marafiki. Ndani ya mgogoro wa Kuba wenyewe, Rais Kennedy wa Marekani alikubali kwa siri kuondoa makombora ya Marekani yaliyokuwa Uturuki, na siri hiyo ndiyo iliyomwezesha kukubali.

Mdadisi:

Nawashukuru sana. Ndugu Msomahistoria, nataka nikupeleke mahali pagumu. Kwa kipimo chako, Taiwan ni Alaska au ni Bahari ya Kaskazini?

Msomahistoria:

Si moja wala nyingine, na hapo kipimo changu kinaonyesha upungufu wake. Alaska ilinifaa kwa sababu Uingereza ililipa kwa ardhi iliyodaiwa na Kanada, na Wakanada hawakuwa na pa kwenda. Taiwan ina watu wapatao milioni 23 wanaopiga kura zao wenyewe, na chipu nyingi za kisasa kabisa duniani hutengenezwa huko, kwa hiyo anayesema iachwe ili amani ipatikane anatoa ahadi kwa mali isiyo yake. Zaidi ya hayo, Japani na Korea Kusini zingekuwa zikitazama ni nani atakayefuata kutolewa. Kwa upande wa pili, Ndugu Tafakuri ametuonyesha hatari ya kumfanya mpinzani aamini kwamba muda unamwishia, na hakuna jambo ambalo Beijing inaliona kwa jicho hilo kama kisiwa hicho.

Tangu 1979 sheria ya Marekani inaitaka iipatie Taiwan silaha za kujilinda, lakini haisemi kwamba Marekani lazima ipigane. Utata huo unawaudhi wanaopenda sera iliyonyooka, nami ninauelewa uchungu wao. Lakini umedumu zaidi ya miaka 40, ukiwaachia Beijing tumaini kwamba kungoja hakujawapotezea kitu, na Taipei tumaini kwamba hawako peke yao. Mimi ningeuacha jinsi ulivyo, ningeongeza zile simu za Ndugu Nahodha, na ningemtilia shaka kiongozi yeyote, wa upande wowote, anayetaka jambo hilo lifafanuliwe katika kipindi chake cha uongozi.