MREJESHO: Watoto wa tuisheni waliogoma kucheza

Habari zenu wakuu, mtakumbuka niliomba ushauri hapa, nasimamia watoto 23 wa tuisheni ya jioni huku Mbagala, wa la pili mpaka la tano, wakitoka shule wanakaa tu kwenye benchi wamechoka, ukiwaambia wakimbie wanazunguka uwanja mara moja wanakaa tena. Wengi mlisema niache mambo ya mazoezi kama jeshini, nirudishe michezo ya mtaani.

Jamani, asanteni sana. Nilianza na rede, ule mchezo wa wawili kurushiana mpira na wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa, tukashona mpira wa soksi na kujaza matambara, chupa ya maji katikati ijazwe mchanga. Kuna binti mmoja mnene kidogo, alikuwa hachezi kabisa maana wenzake wakipanga timu wanamchagua wa mwisho, sasa kwenye rede kumbe ana kipaji cha kukwepa, anajikunja mpira unapita mgongoni, anainama anatia mchanga kwa viganja, chupa ikijaa uwanja mzima unapiga kelele! Nilitokwa na machozi kwa kweli. Kuchagua timu nimefuta, tunahesabu moja mbili moja mbili.

Kingine, na mimi naingia kucheza. Nikisimama pembeni na filimbi wanapoa.

Shirika la Afya Duniani (WHO) wanasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kwa siku, sisi tunapata kama 40 kabla ya vitabu, zingine wanamalizia nyumbani na kombolela, ule mchezo wa kujificha na kutafutana. Wazazi wawili bado wanalalamika sare zinachafuka, nimewaomba waweke fulana ya ziada kwenye begi.