Tupeane uzoefu: umezaliwa Kenya, unaambiwa kwenu Pemba

Mvuvi wa Gazi: Leo ofisa kamwambia kijana "rudi kwenu Pemba", na kijana mwenyewe hata mpakani Lungalunga hajafika. Yamenirudia yote. Waliopitia haya, semeni.

Binti Shimoni: Mimi nililia kwenye dirisha la ofisi ya vitambulisho. Cheti cha kuzaliwa nilikifunga kwenye nailoni kisilowe, ofisa akakitoa, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Mpemba, asili Tanzania". Babu alikuja na jahazi kabla ya uhuru, mama kazaliwa hapa, mimi pia. Bila kitambulisho huna laini kwa jina lako, huna akaunti ya benki, leseni ya uvuvi ndiyo usahau. Bibi akafariki Wete, kule Pemba. Pasipoti tungeitoa wapi? Kaka akavuka usiku kwa mashua, na kule akashikwa: "Wewe Mkenya, umeingiaje?" Bibi anazikwa, mjukuu yuko rumande. Hapo pananiuma mpaka leo.

Mmakonde Kwale: Pole sana dadangu. Wazee wetu walitoka Msumbiji kuja kukata mkonge, nasi tukakaa bila vitambulisho mpaka tulipofunga safari ya miguu kuelekea Ikulu, 2016. Mwaka uliofuata tukatangazwa kabila la 43.

Namanga: Sisi Wamaasai tuna ndugu Longido kule Tanzania na Kajiado huku Kenya, tunavuka tu. Fuateni ndugu zenu, nani atauliza?

Binti Shimoni: Kaka, usitulinganishe! Mmaasai anatambuliwa pande zote mbili.

Namanga: Anatambuliwa, ndiyo, ila mifugo yetu ikivuka inakamatwa. Usidhani tunakula raha.

Shabiki: Chukueni uraia wa Tanzania, yaishe.

Karani mstaafu: Ushauri wa hatari huo. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima, na ukikubali kwa maandishi kwamba asili yako ni kule, huku umejifungia mlango. Sheria ya Uraia ya Kenya ya 2011 iliwafikiria waliokuwapo Kenya tangu 12 Desemba 1963 bila uraia wa nchi nyingine, lakini ilitoa miaka 5 ya kuomba, na nyongeza ya 3. Wengi hawakuambiwa.

Dau la Vanga: Kweli kabisa.

Mvuvi wa Gazi: 2023 sisi Wapemba wa Kenya tulitambuliwa, nikapata kitambulisho. Ila huu ni uraia wa kuandikishwa, na ibara ya 17 ya Katiba inaruhusu ufutwe. Na watoto?

Karani mstaafu: Aliyezaliwa baada ya wewe kuwa raia ni raia wa kuzaliwa, ibara ya 14.

Mvuvi wa Gazi: Wangu walizaliwa kabla. Aliyekwisha kuwaandikisha wa kwake, alipeleka karatasi gani?